Kabla ya Namba, Tuonyesheni Mipangilio

Mazungumzo ya leo yanahusu kompyuta ambazo bado hazijatengenezwa. Zipo programu zinazoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine: kichakataji, kumbukumbu, kache, na mtandao unaoviunganisha vyote hivyo, ili mhandisi aone mashine itakavyofanya kazi kabla mtu hajamwaga fedha kuiunda. Wenye fani yao huziita simuleta. Ukitoka hapa Kensington, jijini Johannesburg, kuelekea magharibi, ukapita Jeppestown, unafika Doornfontein ilipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Johannesburg, na ukiendelea kidogo unafika Braamfontein, kwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, yaani Wits. Huko ndiko kijana wa mitaa hii anayetaka uhandisi wa kompyuta anakoelekea kwanza. Nami nina hoja moja tu ya kuwatetea vijana hao na walimu wao. Jibu la simuleta lina thamani ileile ya mipangilio iliyolizaa, haliwezi kuizidi. Na mipangilio inayopotosha watu kwa urahisi kuliko yote ni ile ya kache na ya mtandao. Mwanafunzi asiyeweza kutetea namba alizoingiza asipewe alama kwa namba zilizotoka.

Tuanze na kache. Kichakataji cha leo kinachopiga saa mara bilioni 3 kwa sekunde hukokotoa upesi mno, lakini kikihitaji data iliyoko kwenye kumbukumbu kuu hulazimika kusubiri mipigo 200 hivi, pengine zaidi, kabla haijafika. Jambo hili limejulikana tangu zamani. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alichapisha makala ya kurasa mbili akipendekeza kumbukumbu ndogo yenye kasi, ambayo sasa tunaiita kache, iwekwe kati ya kichakataji na kumbukumbu kubwa. Mwaka 1968 IBM ikatangaza System/360 Model 85, kompyuta ya biashara iliyokuwa na kache. Na mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee wakaonya kwamba kasi ya vichakataji inaikimbia kasi ya kumbukumbu kiasi kwamba muda wa programu utakuja kuwa wa kusubiri tu. Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme kache inajibu kwa mipigo 4, na kila ombi lisilopata data humo linaongezewa mipigo 200. Maombi 5 kati ya 100 yakikosa, wastani ni 4 na 10, yaani mipigo 14. Ukiikuza kache hadi yanayokosa yawe 3 kati ya 100, wastani unashuka hadi 10. Ila kache kubwa hujibu polepole kuliko ndogo. Ikiwa sasa inajibu kwa mipigo 6, wastani ni 12, na nusu ya faida imekwisha kuliwa. Kwenye simuleta, ukubwa wa kache na muda wake wa kujibu ni namba mbili tofauti, zinaandikwa mahali pawili. Anayebadilisha ya kwanza na kuisahau ya pili hapewi onyo lolote. Ataripoti faida ambayo ni maradufu ya ile ya kweli, na grafu yake itapendeza macho.

Kazi inayotaka uangalifu wa aina hii imefanyika hapahapa jijini. Wits inashiriki katika jaribio la ATLAS kwenye mtambo wa kugonganisha chembe, LHC, wa CERN, nje ya Geneva. Katika muongo wa 2010 kikundi cha Bruce Mellado kilikabiliwa na tatizo zito: baada ya maboresho yaliyopangwa, data kutoka sehemu moja tu ya chombo cha ATLAS, kalorimita ya vigae inayopima nishati ya chembe, ingeongezeka mara 200 na kuzidi terabiti 40 kwa sekunde. Data nyingi hivyo haiwezekani kuihifadhi ili ichambuliwe baadaye. Lazima ichakatwe inapopita. Watafiti wakachunguza kama vichakataji vya ARM, vya jamii moja na vile vilivyomo kwenye simu zenu, vinaweza kuunganishwa kwa wingi kwa gharama nafuu. Walivipima Cortex-A7, A9 na A15. Ninachokipenda katika kazi hiyo ni kwamba hawakuishia kuuliza kichakataji kipi kinakokotoa haraka. Walipima pia kasi ya kumbukumbu, na kasi ya njia za kuingizia na kutolea data, Ethernet pamoja na PCI Express, kwa kuwa bodi ya bei nafuu huweza kuwa na uwezo wa kukokotoa mkubwa kuliko kiasi cha data inachoweza kupokea. Lakini bodi iliyokwisha kutengenezwa ina mwisho wake. Huwezi kuifungua ukaongeza kache maradufu, wala kuipanga upya njia iliyochorwa ndani ya chipu, ukaona kingetokea nini. Swali la namna hiyo linahitaji simuleta, na kwa sababu hakuna bodi ya kukusahihisha, uangalifu unapaswa kuongezeka.

Upande wa mtandao una hila zaidi, na nitakaa hapo kidogo. Chipu yenye viini vingi, yaani vichakataji kadhaa kwa pamoja, ina mtandao ndani yake: kila kiini kina ruta yake ndogo, na ruta hupeana ujumbe jirani kwa jirani. Viini 16 vikipangwa kwenye gridi ya 4 kwa 4, na maombi yakasambaa sawasawa bila upendeleo, kila ombi husafiri wastani wa hatua 2.5. Viini 64 kwenye gridi ya 8 kwa 8 hufikisha wastani huo kwenye 5.25. Ikiwa kila hatua inachukua mipigo 2, kwenda na kurudi ni mipigo 10 kwenye gridi ndogo na 21 kwenye kubwa. Ikiwa ruta inatumia mipigo 3 na waya mpigo 1, hatua moja ni mipigo 4, na safari hizo zinakuwa 20 na 42. Kache ya ngazi ya pili, ile inayofuata baada ya kache iliyo karibu kabisa na kiini, yenyewe huweza kujibu kwa mipigo kumi na kitu. Kwa hiyo aliyeandika 1 badala ya 3 kwenye mstari mmoja wa ruta ameamua, bila kujua, kama data ya mbali ni ghali kuifuata au ni rahisi. Na hapo bado hatujagusa msongamano. Msafiri wa teksi wa jiji hili anaelewa: safari nyingi za kutoka kitongoji hadi kitongoji hupitia kwanza vituo vya katikati ya mji kama Noord na Bree, na saa kumi na moja jioni kinachomchelewesha ni foleni ya kituoni kuliko urefu wa barabara. Mtandao wa chipu una foleni zake pia, na foleni hizo hutokana na kache. Kila ombi linalokosa data huwa ujumbe njiani; ujumbe ukizidi, kila mmoja huchelewa; ukichelewa, adhabu ya kukosa data si 200 tena. Ndiyo maana kache na mtandao havipangwi kila kimoja peke yake. Anayechunguza kache huku mtandao wake hausongamani kamwe anachunguza mashine ambayo haiwezi kuwapo.

Simuleta inayotumika sana vyuoni kwa kazi hii ni gem5. Ilizaliwa mwaka 2011 kwa kuunganisha miradi miwili, M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Wisconsin. Ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Ndani yake mna mifumo miwili ya kumbukumbu: Classic, ulio mwepesi, na Ruby, unaofuata kwa undani itifaki za kuzipatanisha kache ili viini viwili visishike nakala zinazopingana. Anayetumia Ruby huchagua pia mtandao: mwepesi usioonyesha undani wa ruta, au Garnet, uliotoka Princeton mwaka 2009, unaoigiza kila ruta pamoja na nafasi zake za kusubiria. Uhuru huo ni neema, ila una mitego, na mitego hiyo ina majina. Katika hati ya gem5 iitwayo se.py, iliyowafundisha wanafunzi wengi kwa miaka mingi, usipotaja aina ya kichakataji unapewa kile chepesi kabisa kiitwacho AtomicSimpleCPU, ambacho hakifuatilii muda halisi wa kumbukumbu; ukipima kasi ya kache kwa hicho, umepima hewa. Ukiandika ukubwa wa kache ya ngazi ya pili bila kuiwasha kache yenyewe kwa amri yake, programu inaendelea kimya, na kache hiyo haipo. Ukichagua itifaki ya MI_example, iliyowekwa kama mfano wa kujifunzia, viini viwili haviwezi kusoma data ileile kwa pamoja: kila kimoja kikisoma hukinyang'anya kingine, na mtandao unajaa ujumbe ambao kwenye mashine halisi usingekuwapo. Ukiunganisha kompyuta mbili za kuigiza kwa waya wa EtherLink bila kutaja ucheleweshaji, chaguo-msingi lake ni sifuri. Sifuri! Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 1,200; ujumbe hauwezi kufika kabla ya milisekunde 6, muda ambao kichakataji cha kasi niliyoitaja kimepiga saa mara milioni 18. Sisemi kwamba walioiandika gem5 wamekosea. Chaguo-msingi huwekwa ili programu ianze kufanya kazi. Kosa ni la anayelichukulia kuwa ni kipimo kilichothibitishwa.

Je, makosa haya ni makubwa kiasi cha kutusumbua? Ushahidi upo. Mwaka 2001 Rajagopalan Desikan, Doug Burger na Stephen Keckler, wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, walilinganisha simuleta yao na mashine halisi, Compaq DS-10L yenye kichakataji cha Alpha 21264. Walitunga programu ndogo 21, kila moja ikigusa kiungo kimoja cha kichakataji, wakasahihisha simuleta hadi wastani wa kosa kwenye programu hizo ukawa 2%. Walipoileta simuleta hiyo kwenye programu kubwa za kupimia kasi za SPEC2000, kosa lilikuwa limeshuka kutoka 40% hadi chini kidogo ya 20%. Nawaomba muitafakari ile 40%. Ndiyo iliyokuwapo kabla ya masahihisho, mikononi mwa watu wanaoijua kazi yao. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 2012, kikundi cha Ufaransa cha Anastasiia Butko kililinganisha gem5 na bodi halisi ya ARM, na kosa likatofautiana kati ya programu na programu, kutoka zaidi kidogo ya 1% hadi karibu 18%. Sasa chukua makala inayodai kwamba muundo mpya wa kache umeongeza kasi kwa 7%. Madai hayo yanaingia mazima ndani ya kosa la chombo kilichoyapima.

Watetezi wa simuleta wana jibu, na ni jibu la heshima. Wanasema: hatuhitaji namba kamili, tunalinganisha muundo A na muundo B ndani ya simuleta ileile, kosa likiwa moja pande zote mbili, linafutana. Nakubali kwamba mara nyingi ni kweli, na bila hoja hii utafiti mwingi wa usanifu wa kompyuta usingewezekana. Lakini hoja hiyo inategemea sharti kwamba kosa liwe sawa pande zote mbili, na mtandao na kache ndivyo vinavyolivunja sharti hilo. Tuseme muundo A una kache kubwa ya pamoja inayotuma ujumbe mwingi mtandaoni, na muundo B una kache ndogo za kila kiini zinazotuma ujumbe mchache. Mtandao wako ukiwa wa upole kuliko wa kweli, unampendelea A peke yake. Kosa halijafutana, limechagua mshindi. Tiba yake haihitaji mashine ya mamilioni. Badilisha namba unazozitilia shaka, ruta ya mpigo 1 iwe 3, kumbukumbu ya mipigo 150 iwe 250, kisha uone kama A bado anashinda. Akishinda katika hali zote hizo, una jambo la kusema. Akishinda katika hali moja tu, basi hilo lenyewe ndilo matokeo yako, liandike hivyo.

Pingamizi la pili linauma zaidi, nami ninalisikia kwa uzito wake. Afrika haina viwanda vikubwa vya kisasa vya chipu. Kwa nini kijana wa Kensington apoteze miezi akipanga kache za mashine ambayo hakuna wa kuiunda? Jibu langu ni kwamba kubuni na kutengeneza ni kazi mbili, na ya kwanza haihitaji kiwanda. ARM yenyewe ilikua kwa kuuza michoro, wengine wakatengeneza. RISC-V, iliyoanzia Berkeley mwaka 2010, iko wazi kwa yeyote anayetaka kubuni kichakataji bila kuomba ruhusa wala kulipia. Na katika nchi hii kazi ya kubuni mifumo mikubwa ya kuhamisha data si ndoto. Amazon ilipozindua EC2 mwaka 2006, huduma iliyobadilisha namna dunia inavyokodi kompyuta, sehemu kubwa ya kuibuni ilikuwa imefanyikia Cape Town, na timu ya Chris Pinkham. MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64 iliyozinduliwa mwaka 2018 kule Karoo, hukusanya mawimbi ya madishi yake kupitia mtandao wa Ethernet na bodi za SKARAB zilizobuniwa Afrika Kusini. Hata asiyebuni chochote hununua: kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa, CHPC, kilipozindua Lengau mwaka 2016, fedha za umma zilinunua vichakataji, kumbukumbu na mtandao wa InfiniBand kwa pamoja. Anayejua kuuliza ni wapi mashine inasubiri atawaokolea wananchi fedha hata kama hatachora chipu maishani mwake.

Liko pia pingamizi la muda, na hapa mazingira yetu yanaingia moja kwa moja ndani ya kache. Simuleta yenye undani huweza kutekeleza maagizo laki mbili hivi kwa sekunde. Kazi ya maagizo bilioni 3, ambayo kichakataji halisi huimaliza kwa sekunde moja hivi, huchukua sekunde 15,000, zaidi ya saa 4. Ukiongeza viini na Garnet, ni siku. Mwaka 2023, wakati mgao wa umeme ulipokuwa mkali kuliko miaka yote ya nyuma, umeme ukikatika mara kadhaa kwa siku katika mitaa hii, kazi ya siku tatu mfululizo kwenye kompyuta ya nyumbani ilikuwa karibu haiwezekani. gem5 ina njia ya kuhifadhi hali ya kazi katikati ili uendelee baadaye, nayo ni msaada mkubwa. Ila wengi hawatambui kwamba katika mfumo wa Classic kinachohifadhiwa ni hali ya programu na kumbukumbu kuu. Yaliyomo kwenye kache hayahifadhiwi. Ukirejea, kache ni tupu, na maombi ya mwanzo yote yanakosa data. Kipande kikiwa kifupi, makosa hayo ya mwanzo yanaweza kulifunika jibu lote, na mtafiti akaona kache kubwa haina faida yoyote kwa sababu haikupata hata muda wa kujaa. Mbinu za kuchagua vipande vinavyowakilisha programu nzima zipo, kama SimPoint iliyotoka San Diego mwaka 2002, nazo hupunguza miezi kuwa siku. Zote zinadai sharti moja: ipe kache muda wa kujaa kabla hujaanza kuhesabu, na useme uliipa muda gani, ili msomaji wako aweze kuuhukumu. Kwa hiyo uchache wa muda na wa umeme hauhalalishi njia za mkato. Unatulazimisha tuandike kwa uwazi zaidi nini kiliachwa.

Linalonipa matumaini ni kwamba dawa yenyewe haina gharama. Kila gem5 inapomaliza kazi huacha folda iitwayo m5out, na ndani yake mna mafaili mawili muhimu. La kwanza, stats.txt, lina matokeo, na hilo ndilo watu hukimbilia. La pili, config.ini, limeorodhesha kila kipande cha mashine iliyoigizwa na kila namba yake: kache zilizokuwapo kweli, muda wa kila moja, aina ya kichakataji, viungo vya mtandao na ucheleweshaji wake. Aliyedhani aliwasha kache ya ngazi ya pili ataona hapo kwamba haimo. Aliyeunganisha kompyuta mbili kwa waya wa sifuri ataiona ile sifuri. Wanafunzi wa Doornfontein na Braamfontein, nanyi mnaosoma wenyewe usiku kwenye kompyuta ya kuazima, lifungueni faili hilo kabla ya kufungua la matokeo. Fanyeni hesabu ya wastani kwa mkono, kama tuliyoifanya leo, muone kama simuleta inakubaliana nanyi angalau kwa ukaribu. Na walimu wetu, ripoti ya simuleta ikiletwa mezani bila config.ini, irudisheni kwa mwenyewe ailete kamili.